Gwanda, Faili na Mlango wa Bunge

Nimerudi mjini juzi kutoka nyumbani, Ihanda. Kwa wale ambao wakisikia Kagera wanafikiria Bukoba tu, Ihanda ni kata ya Wilaya ya Karagwe, kwa Wanyambo, kwenye migomba na kahawa. Zamani ukitaja Karagwe ulikuwa unaitaja na Kyerwa humo humo, lakini tangu 2012 Kyerwa ni wilaya yake. Majirani zetu ni Rwanda na Uganda. Sisi ni watu wa mpakani, na ndiyo maana hadithi ninayotaka kuwaletea leo imenikaa kooni tangu nishuke kwenye basi.

Nilikwenda kupumzika, nikakuta mjadala.

Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, amemaliza chuo na amepitia JKT. Amepata nafasi kwenye ofisi moja ya umma, kazi ya kushika nyaraka. Kabla hajaanza kapewa fomu ya upekuzi, au vetingi kama vijana wa mjini tunavyoita. Fomu inataka jina la baba na mama, babu na bibi pande zote mbili, kila mmoja alizaliwa wapi, na kama ana ndugu nje ya nchi. Kijana kakaa na kalamu kwenye kibaraza, kaganda. Bibi mmoja alizaliwa ng'ambo ya mto. Aandike? Asiandike?

Baba mdogo ni askari mstaafu wa JWTZ. Alikuwa anaanika kahawa pembeni, kimya. Mwishowe akacheka.

"Mimi sikuulizwa bibi yangu alizaliwa wapi siku nilipopewa bunduki kuvuka Mto Kagera."

Kijana akamjibu kwa adabu, "Baba, wewe ulipewa bunduki. Mimi napewa faili."

Tulicheka wote. Usiku sikulala. Hivi ni kweli? Faili ni zito kuliko bunduki? Mtu aliyeaminiwa kufa kwa ajili ya nchi, anaaminiwa vipi akitaka kuingia ofisi inayotunza siri za nchi hiyo hiyo? Na kama ofisi hiyo ni Bunge, ambalo kazi yake ni kuisimamia Serikali pamoja na jeshi lake, nani anatakiwa kumpima mtumishi wake? Serikali inayosimamiwa, au Bunge linalosimamia?

Najua wengine mtasema hilo ni jambo la makarani. Naomba mnivumilie, maana ukilifuata kwa nyuma utakuta historia nzima ya nchi yetu imo ndani yake.

Tuanze na 1964.

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo tunaijua kama Lugalo. Walitaka mishahara mizuri na maofisa wa Kiingereza waondoke. Nchi ilikuwa na miaka miwili tu ya uhuru. Mwalimu Nyerere akalazimika kufanya jambo lililomuumiza sana: kuwaita Waingereza, wakoloni wa jana, waje kuwanyang'anya silaha askari wake mwenyewe. Makomando wa Kiingereza walitua tarehe 25 Januari. Jeshi likavunjwa. Kwa miezi kadhaa mwaka ule ulinzi wetu ulishikiliwa na askari wa kuazima kutoka Nigeria.

Jeshi lile lilirithiwa kutoka King's African Rifles. Mkoloni alikuwa na kipimo chake cha askari mwaminifu, naye ni askari asiyejishughulisha na siasa kabisa. Watumishi wa serikali ya kikoloni hawakuruhusiwa kuwa wanachama wa TANU. Ukivaa gwanda, mambo ya nchi hayakuhusu. Mwalimu akasema hapana, kosa liko hapo hapo! Askari asiyejua nchi yake inataka nini atailindaje?

Basi jeshi jipya likajengwa kwa kipimo kingine. Vijana wa TANU Youth League wakaitwa wajiunge. JWTZ ikazaliwa rasmi tarehe 1 Septemba 1964. Askari wakaruhusiwa kuwa wanachama wa TANU, elimu ya siasa ikaingia kambini, na baadaye chama kikawa na matawi yake ndani ya majeshi. Kadi ya chama ikawa ndiyo hati ya uaminifu. Huko nyuma siasa ilikuwa doa kwa askari, sasa ikawa sifa.

Matokeo yake tunayajua. Mstari kati ya kambi na Bunge ukafutika. Mfano ambao kila mtu anaukumbuka ni Jakaya Kikwete. Alikuwa kada wa chama na ofisa wa jeshi kwa wakati mmoja, na miaka ya 1980 alifundisha siasa katika chuo cha maofisa cha Monduli. Mwaka 1988 Rais Mwinyi akamteua kuwa mbunge na naibu waziri. Angalieni vizuri hapo. Akawa mbunge na bado ni mwanajeshi. Hakuna aliyeshangaa. Abdulrahman Kinana naye alipanda vyeo jeshini hadi kanali huku akipanda katika siasa.

Sasa jiulize, mtumishi wa Bunge la wakati ule alipimwaje? Kwa kipimo kile kile. Chama kilishika hatamu, Bunge lilikuwa la chama, Serikali ilikuwa ya chama, jeshi lilikuwa la chama. Karani, askari, mbunge na waziri wote walikuwa watoto wa nyumba moja. Nani amchunguze nani? Swali la kwamba Bunge liwe na watu wake wa kulitunzia siri mbele ya Serikali lisingeeleweka hata kidogo. Siri ya nini, na kwa nani?

Hata hivyo siri zilikuwepo, na sheria kali ikawepo. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha Sheria ya Usalama wa Taifa, inayofanya kuwa kosa kubwa kutoa taarifa za siri za Serikali kwa asiyehusika. Ukiacha kazi leo, mdomo wako haustaafu. Baba mdogo ni hivyo hivyo mpaka leo. Muulize habari za vita vya Kagera, atakusimulia njaa, mvua, matope na wenzake waliolala Kaboya. Muulize kikosi kilikuwa na silaha gani, anabadilisha mazungumzo. Zaidi ya miaka arobaini!

Na vita vyenyewe vilipita hapa kwetu. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, wakaishika ardhi yote kati ya mto na mpaka na kuvunja daraja la Kyaka. Mwalimu akatangaza vita mwanzoni mwa Novemba. JWTZ halikutosha peke yake, wakaitwa mgambo, JKT, polisi na magereza. Maelfu kwa maelfu ya vijana walipewa bunduki kwa haraka. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Katika haraka ile hakukuwa na muda wa kuuliza bibi ya nani alizaliwa wapi. Baba mdogo hakutania.

Halafu ikaja 1992.

Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi ikakuta kama asilimia 80 ya waliohojiwa wanataka tubaki na chama kimoja, asilimia 20 wanataka vingi. Pamoja na hayo tume ikashauri tuingie vyama vingi, na Katiba ikabadilishwa. Hapo ndipo mstari uliofutwa 1964 ukachorwa upya kwa wino mzito. Ibara ya 147 ya Katiba inapiga marufuku mwanajeshi yeyote kujiunga na chama chochote cha siasa. Kitu pekee alichoachiwa ni haki ya kupiga kura. Tena Katiba imefafanua mwanajeshi ni nani: askari wa Jeshi la Ulinzi, Polisi, Magereza au JKT, awe wa masharti ya muda au ya kudumu.

Kwa kuwa mbunge wa kuchaguliwa Tanzania lazima awe ametokana na chama, maana yake ni kwamba mwanajeshi hawezi tena kugombea ubunge. Ilibidi watu wachague. Kikwete alichagua siasa, akastaafu jeshi mwaka 1992 akiwa luteni kanali, na Desemba 2005 akarudi kwa wanajeshi akiwa Amiri Jeshi Mkuu. Kinana naye alivua gwanda, na mwaka 2001 akawa Spika wa Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha.

Kwa mbunge, basi, kanuni ni nyepesi: vua gwanda kwanza. Lakini vipi kuhusu yule anayekaa nyuma ya mbunge? Karani wa kamati, mtafiti, mwandishi wa kumbukumbu, mwanasheria wa Bunge? Hao hawapigiwi kura na hawasimami jukwaani, lakini karatasi zote zinapita mikononi mwao. Katiba imetumia wino mwingi kwa mwanajeshi anayetaka kadi ya chama, lakini kuhusu mwanajeshi wa zamani anayetaka kazi katika ofisi ya Bunge ibara ile haisemi kitu.

Katibu wa Bunge, ambaye ndiye mkuu wa watumishi hao, huteuliwa na Rais kutoka miongoni mwa watu wenye madaraka ya juu serikalini. Sheria ya uendeshaji wa ofisi ya Bunge ilitungwa 1997, na kuna Tume ya Utumishi wa Bunge chini ya Spika. Hiyo ni hatua. Ila upekuzi wa usalama ni kazi ya vyombo vya Serikali. Idara ya Usalama wa Taifa ilipata sheria yake ya wazi mwaka 1996, na iko chini ya Ofisi ya Rais. Kwa maneno mengine, anayesema "huyu anafaa kushika faili la siri la Bunge" anaripoti kwa yule yule ambaye Bunge linatakiwa kumuuliza maswali.

Je, kuna ubaya? Mtu wa usalama anaweza kunijibu, wewe mwandishi, ulitaka kazi hiyo afanye nani, mama ntilie? Ni kweli, uchunguzi wa watu unahitaji wataalamu, nao wako serikalini. Nakubali. Lakini tuangalie yaliyotokea Bunge letu lilipogusana na jeshi.

Mnakumbuka rada? Serikali ilinunua rada kutoka kampuni ya Kiingereza ya BAE Systems kwa karibu pauni milioni 28. Ilikuwa itumike kijeshi na kiraia. Mwaka 2001 huko Uingereza kwenyewe waziri wao wa misaada, Clare Short, alipinga hadharani, na Benki ya Dunia ikasema bei ni kubwa mno. Maswali mazito kuhusu bei na aina ya mtambo yaliulizwa kwa sauti kubwa zaidi London kuliko Dodoma. Mwaka 2010 BAE ilikiri mahakamani kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu kuhusu biashara hiyo, na ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa ajili ya Watanzania. Fedha zile zikanunua vitabu na madawati. Fikiria kama kamati yetu ya ulinzi ingekuwa na mtafiti wake mmoja tu, ofisa mstaafu anayeijua rada kama baba mdogo anavyoijua kahawa, mwenye kibali cha kusoma mkataba, asiyemwogopa waziri. Mmoja tu!

Halafu kuna Meremeta, kampuni ya dhahabu iliyohusishwa na jeshi. Wabunge, hasa Dk. Willibrod Slaa, walitaka kujua mamilioni ya dola yaliyolipwa kupitia Benki Kuu yalikwenda wapi. Waziri Mkuu Mizengo Pinda, aliyeingia madarakani Februari 2008, alikataa kulieleza Bunge, kwa hoja kwamba suala lile linagusa jeshi na usalama wa nchi. Mjadala ukafungwa kwa neno moja: siri.

Sisemi Pinda alidanganya. Inawezekana kulikuwa na siri ya kweli ndani yake. Tatizo langu ni jingine. Bunge linapoambiwa "hii ni siri", linatakiwa liwe na mahali pa kujibu, "sawa, basi tuleteeni chumbani, tunao watu waliopimwa wa kuisoma". Bila watu hao, neno siri linakuwa kufuli ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa mshitakiwa.

Jirani zetu Waganda walichagua njia nyingine kabisa. Wao hawakulitoa gwanda bungeni. Tangu Katiba yao ya 1995 jeshi lina wawakilishi wake ndani ya Bunge, viti 10, wanakaa mle na sare zao. Mtu angedhani kwa mtindo huo siri ya jeshi na Bunge vitaelewana. Haikuwa hivyo.

Mwishoni mwa Novemba 1996 Meja Jenerali David Tinyefuza aliitwa mbele ya kamati ya Bunge ya ulinzi kueleza vita vya kaskazini dhidi ya waasi wa Kony. Akaeleza, tena bila kupaka mafuta, kwamba vita vinaendeshwa vibaya. Wakubwa wa jeshi wakataka kumchukulia hatua. Naye akaandika barua ya kujiuzulu jeshi, akajibiwa kwamba yeye bado ni askari, akaenda Mahakama ya Katiba. Humo mahakamani yakatokea mambo yanayotuhusu kabisa. Tinyefuza alileta ujumbe wa redio wa jeshi kama ushahidi, Serikali ikapinga ikisema ni siri. Mahakama ya Katiba mwaka 1997 ilikataa pingamizi hilo: haitoshi Serikali kusema tu kwamba kitu ni siri, inapaswa kuonyesha madhara yake. Tinyefuza akashinda. Serikali ikakata rufaa, na Januari 1998 Mahakama ya Juu ikageuza uamuzi kuhusu kujiuzulu kwake. Akabaki kuwa askari.

Miaka michache baadaye ikawa zamu ya Brigedia Henry Tumukunde, mbunge wa jeshi. Mwaka 2005 alisema redioni maneno yasiyowapendeza wakubwa, wakati wa mjadala wa kuondoa ukomo wa urais. Alilazimishwa kukiacha kiti chake cha ubunge, akakamatwa, na kesi yake ya kijeshi ikaburuzwa mpaka 2013 ilipoishia kwa karipio kali.

Somo la Uganda ni hili. Mtu mmoja akiwa na mabwana wawili, Bunge na jeshi, siku ya kugombana mabwana hao atakayeumia ni yeye. Nyasi, kama wahenga walivyosema kuhusu tembo wawili. Kwa hiyo nadhani mwaka 1992 tulifanya vizuri kumwambia mtu achague. Lakini kuchagua si lazima kuwe ni kufungiwa. Askari aliyestaafu ni raia kama sisi, tena raia anayejua kitu ambacho Bunge halijui.

Na Wamarekani? Najua mnapenda kuwasikia. Kule mbunge hapekuliwi na vyombo vya usalama ili apate siri, kuchaguliwa na wananchi kunatosha. Msaidizi wake ndiye anayepekuliwa, uchunguzi hufanywa na vyombo vya serikali kama FBI, lakini Bunge lenyewe lina ofisi zake za kusimamia jambo hilo. Seneti ina ofisi yake ya usalama tangu 1987. Msaidizi aliyekuwa jeshini akiwa na kibali kikubwa haingii nacho mlangoni kama anavyoingia na koti lake. Uchunguzi wake wa zamani unaweza kukubaliwa kama haujapitwa na wakati, ila lazima ofisi mpya imwombee, na kazi yenyewe iwe inahitaji siri hiyo. Kibali kinafuata kazi, hakifuati medali.

Hata wao wamevutana kuhusu gwanda. Katiba yao inakataza mbunge kushika ofisi nyingine chini ya serikali, lakini wabunge kadhaa walikuwa askari wa akiba. Kikundi kilichopinga vita vya Vietnam kikalipeleka jambo hilo mahakamani, na mwaka 1974 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikasema walalamikaji hawana haki ya kufungua kesi ile, bila kujibu swali lenyewe. Na kwa miaka mingi maseneta walilalamika kwamba wasaidizi wao binafsi hawana kibali cha kusoma siri za juu kabisa, kwa hiyo seneta anatoka chumbani na jambo zito kichwani halafu hana wa kumuuliza. Mwaka 2021 wakakubaliana kila seneta awe na msaidizi mmoja wa namna hiyo. Kwa hiyo hata taifa kubwa lilichukua muda kuelewa kwamba mbunge bila karani aliyeruhusiwa kusoma ni kama dereva bila taa.

Sasa turudi Kagera, maana huku ndiko swali linakouma.

Upekuzi unapima nini? Unapima kama mtu ni mlevi, ana madeni, ana tamaa, ana uhusiano wa hatari. Sawa. Lakini kwa mtu wa kwetu unapima kitu kingine kabla ya vyote hivyo, yaani asili. Mpaka wetu na Uganda ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1890, walipiga mstari kwenye ramani kwa rula. Mto Kagera haukujua. Ndoa hazikujua. Ng'ombe hawakujua. Karne moja na zaidi baadaye kijana wa Ihanda anaulizwa bibi yake alikuwa upande gani wa mstari ambao bibi mwenyewe hakuwahi kuuona.

Na hii si hofu ya kufikirika. Februari 2001 Serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu si raia wa Tanzania. Jenerali, mwandishi wa habari ambaye sisi vijana tumejifunza kuandika kwa kumsoma, mtoto wa Kagera, aliyekuwa mkuu wa wilaya na mbunge! Pamoja naye alitajwa Anatoli Amani, mwenyekiti wa CCM wa mkoa wetu huu huu wa Kagera, na balozi Timothy Bandora. Watu hawa walikuwa wamekwisha kupita katika milango yote ya uaminifu. Kama walikuwa hatari, waliruhusiwaje miaka yote ile? Na kama hawakuwa hatari, kilichobadilika ni nini, asili yao au maneno yao? Ulimwengu baadaye alipewa uraia, lakini ujumbe ulikuwa umefika. Watu wa mpakani wakaelewa kwamba uaminifu wao ni wa kuazima na mwenyewe anaweza kuudai siku yoyote.

Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga ya kuondoa wahamiaji haramu Kagera, Geita na Kigoma. Maelfu waliondoka. Wengine walikuwa wageni kweli, wengine walikuwa wameishi hapa tangu hatujazaliwa. Waulizeni wazee wa Karagwe, kila kijiji kina hadithi yake.

Sasa weka pamoja mambo mawili. Kwanza, upekuzi usio na kanuni za wazi, ambao mtu akikataliwa haambiwi sababu. Pili, Bunge ambalo watumishi wake wanapimwa na upande mwingine. Matokeo ni nini? Mtumishi wa Bunge atajifunza haraka sana kutouliza. Mtafiti akiona namba haziendi sawa kwenye bajeti ya ulinzi atafumba macho, kwa sababu faili lake yeye mwenyewe liko mahali fulani na hajui limeandikwa nini. Hapo huhitaji askari kuingia ukumbini kumtisha mtu. Fomu inatosha.

Naomba nieleweke. Sisemi upekuzi ufutwe. Nchi ina maadui, na siri nyingine ni za kweli, damu ya watu imo ndani yake. Baba mdogo alinikumbusha hilo. "Ukisema njia ya kikosi, wanakufa watu," alisema. Ninachosema ni kwamba tumejaribu vipimo vitatu. Mkoloni alipima kwa ukimya, akapata maasi. TANU na CCM walipima kwa kadi, tukapata Bunge lisiloweza kulitazama jeshi kwa macho ya nje. Tangu 1992 tumemvua mwanajeshi kadi, jambo jema, lakini kipimo kipya tumekiacha kwenye giza.

Mimi ningependa mambo matatu tu. Kanuni za kumpekua mtumishi wa Bunge ziandikwe na zichapishwe, na Tume ya Utumishi wa Bunge iwe na sauti ya mwisho baada ya kusikia ushauri wa vyombo vya usalama. Anayekataliwa aelezwe sababu, walau kwa ufupi, na awe na mahali pa kukata rufaa. Na mwanajeshi mstaafu asifungiwe mlango wala asifunguliwe kwa saluti. Apimwe upya kwa kazi anayoiomba, akae kwanza nje ya jeshi kwa muda unaojulikana, halafu akila kiapo cha Bunge ajue bwana wake sasa ni mmoja.

Hayo hayahitaji mapinduzi. Yanahitaji wabunge wanaoona kwamba karani wao ni silaha yao.

Siku ya kuondoka Ihanda niliamka alfajiri kuwahi gari. Taa ilikuwa inawaka sebuleni. Mdogo wangu amekaa na fomu, baba mdogo amekaa pembeni yake na miwani. Wameijaza. Jina la bibi limeandikwa, na kijiji alichozaliwa kimeandikwa, ng'ambo ya mto, kwa herufi kubwa.

Nikamuuliza baba mdogo, "Baba, hamwogopi?"

Akasema, "Nilimfundisha asidanganye. Wakimkataa kwa ukweli, aibu ni yao."

Nimeshuka mjini na maneno hayo. Majibu ya fomu bado hayajatoka. Je, wadau, nyinyi mnasemaje? Mtu aliyesema ukweli kuhusu bibi yake, na mtu aliyeficha ili apite, nani kati yao mngependa atunze siri za nchi yenu?

Nawasilisha.